Huyu Lewes ndo nani? Mwamba aliyesimama nyuma ya George Eliot mpaka tukamsahau yeye

Kalamu_ya_Mkaa

Wakuu heshima zenu. Wiki mbili zilizopita nilikuwa napita zangu Posta, nikainama kwa wale jamaa wanaotandika vitabu vya mtumba kwenye turubai, nikaokota Middlemarch ya George Eliot kwa elfu tatu. Jalada la nyuma halipo na limekaa kama lilinyeshewa, ila kurasa zote zimo. Sasa kule kwenye utangulizi, pale mhariri anapoanza kumtaja taja Lewes, aliyekuwa na kitabu kabla yangu kaandika pembeni kwa penseli "huyu Lewes ndo nani?" Basi. Nimepekua kurasa zote mpaka mwisho, hiyo penseli haijarudi tena.

Hilo swali likanikaa. Maana ukiuliza uliza unaambiwa "mwenza wa George Eliot", imeisha hiyo, kama vile jamaa alizaliwa siku aliyokutana na huyo bibie. Nimechimba mwenzenu, uzi ni mrefu, wasiopenda kusoma mpite kimya kimya bila kuniachia vijembe.

Kwa ambao hawajui tuanze hapa, George Eliot ni mwanamke. Jina lake Mary Ann Evans, kazaliwa 1819 Warwickshire, baba yake alikuwa msimamizi wa mashamba ya tajiri, na ni mmoja wa waandishi wa riwaya wakubwa kabisa waliowahi kutoka Uingereza. George Henry Lewes ndo mwanaume aliyeishi naye miaka 24 bila ndoa, ile ndoa yetu ya sogea tuishi, tena kwenye Uingereza ya Malkia Victoria. Na hiyo "George" ya kwenye jina la kalamu ni ya Lewes, bibie alilichukua la bwana akalivaa.

Sasa Lewes mwenyewe. Kazaliwa London 1817, babu yake alikuwa mchekeshaji wa jukwaani mwenye jina, baba yake alikuwa na familia nyingine pembeni kwa hiyo mama yake Lewes hakuwa mke wa ndoa. Shule kasoma kwa kuruka ruka, London, Jersey, Ufaransa, Kifaransa kinamtoka kama maji. Chuo kikuu hakusoma. Akajaribu ukarani, akajaribu udaktari, kwenye udaktari akashindwa kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona watu wanapasuliwa, na enzi hizo dawa ya usingizi haipo, mtu anakandamizwa mezani anakatwa mguu huku anaona. Akatoka nduki. Akaenda Ujerumani akiwa na miaka 21 kujifunza lugha na falsafa, akarudi London akaanza kula kwa kalamu.

Na alikula kila sahani. 1845 na 1846 katoa historia ya falsafa kuanzia Wagiriki mpaka Comte, yule mwanafalsafa wa Kifaransa, vitabu vinne vidogo vya bei chee, lengo lake karani na fundi wa mtaani naye amjue mwanafalsafa kama Spinoza. Akaandika riwaya mbili, hazikutembea. Akaandika tamthilia chungu nzima. Akapanda jukwaani mwenyewe, 1849 huko Manchester kacheza Shylock wa Shakespeare. 1850 akaanzisha gazeti la The Leader na rafiki yake Thornton Hunt, humo anachambua vitabu, na kwenye safu ya maigizo anajiita Vivian. Mwandishi Charlotte Brontë alikuwa anaandikiana naye barua baada ya Lewes kuisifia riwaya yake Jane Eyre, ila riwaya iliyofuata Lewes akaipiga nyundo na kuanza kuongelea mambo ya mwandishi kuwa mwanamke, dada akakasirika akamtumia mstari mmoja tu, kwamba maadui zangu najua kujilinda nao, marafiki ndo Mungu aniokoe nao.

Sura sasa, wakuu, Mungu alimnyima. Kafupi, ana makovu ya ndui, nywele timtim. Mke wa mwandishi Thomas Carlyle alikuwa anamwita nyani kabisa, na bado alikuwa anafurahi akija kuwatembelea kwa sababu jamaa alikuwa anachekesha.

Ngoja nipate chai nirudi na kisa cha mke.

Kimbweta

Siti ya mbele, nina karanga. Shusha mkuu.

Ngedere_Mzee

Mwandishi, mwigizaji, daktari nusu, mwanafalsafa, mwandishi wa habari. Mshika mbili moja humponyoka, huyu kashika nane. Ndo maana hakumbukwi, wala msimlaumu mwanamke wa watu.

Kalamu_ya_Mkaa

Mzee hoja yako naiweka kiporo, nitairudia.

Mke. 1841 Lewes alimuoa Agnes Jervis, binti wa mbunge, miaka 18, mzuri, msomi. Wakazaa watoto wa kiume wanne, mmoja akafa mdogo. Hawa walikuwa na fikra zile za kisasa za wakati wao, kwamba mapenzi hayafungwi kamba. Sasa Agnes akaanza mahusiano na Thornton Hunt, huyo huyo mshirika wa gazeti! April 1850 Agnes anajifungua mtoto wa Hunt, Lewes anaenda kumwandikisha kwa jina lake. Mtoto kawa Lewes. Mwaka uliofuata akaja mwingine wa Hunt. Wote kwa pamoja wanne, na Hunt huku ana mke wake nyumbani na watoto kibao.

Hapo kwenye kuandikisha jina ndo Lewes alijifunga kitanzi. Sheria ya Waingereza wakati huo ilikuwa hivi, kupata talaka kamili mpaka upitie mahakama ya kanisa halafu bunge litunge sheria maalum kwa ajili yako wewe mtu mmoja, gharama yake ni ya matajiri tu. Hata sheria ilipolegezwa 1857, aliyekubali uzinzi wa mkewe hana kesi. Na Lewes kukubali kwake kulikuwa kwa maandishi. Basi akabaki na mke wa vyeti mpaka anaingia kaburini.

Ngedere_Mzee

Huyu bwege. Bwege wa kimataifa.

Bi_Nyange

Ngedere ungekuwa wewe ungefanyaje, ungempiga? Mtoto hakuomba kuzaliwa, mtu kampa jina asiitwe mwanaharamu, hapo mimi namuona mwanaume. Kumbuka na yeye mwenyewe alizaliwa nje ya ndoa, anaijua hiyo joto yake.

Ila mleta uzi nina ugomvi na wewe. Kabla Mary Ann hajamjua Lewes alikuwa ameshatafsiri kutoka Kijerumani lile dude la Strauss kuhusu maisha ya Yesu, lilitoka 1846, kurasa zaidi ya elfu. Na kuanzia 1851 ndo yeye alikuwa anaendesha Westminster Review, jarida la wasomi London, jina la mhariri limeandikwa la mwanaume, John Chapman, na kazi kaifanya mwanamke kwa kupewa chumba cha kulala tu kwa huyo Chapman. Ukianza kuniletea habari za mwanaume kamtengeneza mwanamke nitakuvuruga huu uzi.

Kalamu_ya_Mkaa

Dada Nyange yote uliyosema ni kweli, na ndo maana kwenye kichwa nimeandika "aliyesimama nyuma", sikuandika aliyemtengeneza (nilitaka, nikajistukia). Naomba tu usikilize kitu kimoja. Huyo mwanamke mwenye akili ya kutafsiri Strauss alifika miaka 36 hajaandika hata hadithi moja ya kubuni akaimaliza. Alikuwa na sura moja ya mwanzo aliyoiandika siku nyingi, imelala. Alikuwa anajiona hawezi. Hiyo ndo nafasi ya Lewes.

Walitambulishwa na huyo huyo Chapman, October 1851, kwenye duka la vitabu pale Burlington Arcade. Mwanzoni bibie hakumpenda, alimuona mtu wa masihara mengi. Baadaye akagundua yale masihara ni barakoa tu, ndani kuna mtu. July 1854 wakapanda meli kwenda Ujerumani kama mume na mke, Weimar kisha Berlin. Lewes alikuwa anamalizia kitabu cha maisha ya Goethe, mshairi mkubwa wa Wajerumani, bibie anamsaidia kutafsiri vipande. Hicho kitabu kilitoka 1855 na Wajerumani wenyewe wakakisoma, mtu wa London anawafundisha Goethe wao.

Waliporudi sasa London ikawaonyesha. Mwanaume anaalikwa chakula cha usiku, mwanamke haalikwi. Lewes anakula na watu wakubwa, bibie yuko nyumbani. Kaka yake bibie, Isaac, alivyojua 1857 akakata mawasiliano kabisa na akawakataza na dada zake wasimwandikie. Kosa walilifanya wawili, faini kalipa mmoja.

Kwenye hiyo hali Lewes akawa anamwambia andika hadithi, jaribu, andika. September 1856 akaanza. Lewes aliona maongezi anayaweza lakini akawa na shaka kama ataweza kuandika kitu cha kuliza, ule uchungu wenyewe. Usiku mmoja bibie akamwomba aende zake mjini amwachie nyumba, akaandika kifo cha Milly, yule mke wa mchungaji kwenye hadithi yake. Lewes akarudi akasomewa. Wakalia wote wawili, halafu jamaa akasimama akambusu akamwambia uchungu wako umeshinda ucheshi wako. Haya nayajua kwa sababu bibie mwenyewe aliyaandika kwenye shajara yake.

Tarehe 6 November 1856 Lewes anaituma hadithi Edinburgh kwa John Blackwood mwenye jarida, anasema ni ya rafiki yangu. Blackwood akasifia kidogo na kukosoa kidogo, kawaida ya mhariri. Lewes akamrudishia barua, rafiki yangu ni mtu wa kukata tamaa haraka, ukimkosoa hivi hataandika tena. Blackwood akaelewa somo, akadhani anaongea na kasisi fulani mwenye aibu.

Kimbweta

Kumbe meneja! Huyu ndo yule meneja wa msanii anayeongea na promota, msanii yuko garini.

Kalamu_ya_Mkaa

Umemaliza kila kitu Kimbweta. Na ni meneja aliyejua hesabu. Adam Bede ya 1859, pauni 800 kwa miaka minne ya haki ya kuchapisha. Miaka mitatu baadaye mchapishaji mwingine, George Smith, anakuja na ofa ya pauni 10,000 kwa riwaya moja, Romola, haijawahi kutokea, mwishoni wakakubaliana 7,000 kwa sababu bibie hakutaka ikatwe vipande vingi kama Smith alivyotaka.

Halafu Middlemarch. Zamani riwaya Uingereza ilikuwa inauzwa kwa juzuu tatu, shilingi 31 na nusu, nani ananunua? Maktaba za kuazimisha ndo zinanunua, msomaji anaazima. Lewes ndo akamwandikia Blackwood, tuitoe kwa vitabu vinane, kimoja kila baada ya miezi miwili, shilingi tano tano, watu wanunue wenyewe. December 1871 mpaka December 1872, na mwisho wakaharakisha vikawa vinatoka kila mwezi kwa jinsi watu walivyokuwa na hamu. Watu wanasubiri kitabu kama sisi tunavyosubiri msimu mpya wa tamthilia.

Na kuna hili la mkasi. Magazeti yakifika nyumbani Lewes anayapitia kwanza. Uchambuzi mbaya unakatwa, unachanwa, bibie haoni. Marafiki waliambiwa wasimweleze watu wanasema nini kuhusu vitabu vyake, hata sifa zilichujwa. Sasa mnielewe, huyu aliyeshika mkasi ndo aliyekuwa mchambuzi mkali wa London! Alimliza Charlotte Brontë, akaenda kukabana na Dickens hadharani 1852 kwa sababu kwenye riwaya yake Bleak House kuna mlevi mmoja anawaka moto mwenyewe kutoka ndani anabaki jivu, Lewes akaandika kwenye The Leader kwamba kisayansi huo ni uongo, mwili wa binadamu una maji mno hauwezi kujiwasha. Dickens akajibu ndani ya riwaya yenyewe na baadaye kwenye dibaji, akakomaa kwamba inawezekana. Haiwezekani. Lewes alikuwa sahihi, na bado sote tunamjua Dickens.

Ngedere_Mzee

Kwa hiyo nilikuwa sahihi, aliishi kwa mgongo wa mwanamke. Pauni 7,000 mwanamke analeta, mwanaume anakata magazeti. Marioo huyo.

Bi_Nyange

Na hiyo ya mkasi mimi siipendi kabisa. Mtu mzima, akili ile, unamchagulia cha kusoma kama mtoto. Mnaita mapenzi. Ingekuwa ni mwanamke anamfanyia mumewe tungesema kamfunika kwenye kanga.

Kalamu_ya_Mkaa

Dada, mwenyewe alitaka hivyo. Alikuwa akisoma neno moja baya anakaa wiki hashiki kalamu. Ila nakubali, kuna watu waliomjua walisema ilipitiliza.

Mzee Ngedere, pesa. Ni kweli toka 1859 bibie ndo alikuwa analeta mkwanja mkubwa na Lewes hakuwahi kujificha wala kununa, na mimi hapo ndo namvulia kofia, tujiulize humu ndani wangapi tunaweza. Ila alikuwa anafanya kazi. Na kuna mzigo hujauona: Agnes. Lewes alimlipia Agnes matumizi mpaka anakufa, pamoja na wale watoto wanne wa Hunt, maana kisheria ni wake. Hunt alikuwa anaahidi tu. Bibie naye akaendelea kumlipia baada ya Lewes kufa. Agnes akawazika wote, kafariki 1902.

Bi_Nyange

Agnes ndo aliyefunikwa kweli kweli kwenye huu uzi, mtu ana watoto wanane na anakumbukwa kama kikwazo cha ndoa ya wengine. Haya endelea.

Mwl_Chaki

Habari za jioni wanajamvi. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, riwaya sijui, ila hilo jina Lewes nimeshtuka. Ni huyu huyu wa Pavlov?

Kalamu_ya_Mkaa

Ni yeye mwalimu! Shusha, mimi nitajazia.

Mwl_Chaki

Basi ngoja niseme ninachojua. Ivan Pavlov, yule wa mbwa na mate, alikuwa kijana wa seminari huko Ryazan Urusi, baba yake padri na yeye alitakiwa awe padri. Akakutana na kitabu cha Lewes cha fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, Physiology of Common Life, kilichotoka 1859 na 1860, kimetafsiriwa Kirusi. Humo ndani kuna mchoro wa mfumo wa chakula, tumbo na utumbo vimejikunja, kijana akaduwaa, akajiuliza hiki kitu kinafanyaje kazi. Akaacha upadri, akaenda kusoma sayansi. 1904 kachukua Nobel, na hakuichukua kwa mate ya mbwa kama wanafunzi wangu wanavyojaza kwenye mitihani, aliichukua kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula. Yani ule ule mchoro. Kitabu kilikuwa kinamweleza mtu wa kawaida kwa nini anasikia njaa, kwa nini analala, damu inaendaje.

Kalamu_ya_Mkaa

Asante mwalimu. Na Urusi kitabu hicho kilienea mpaka kimeingia kwenye Crime and Punishment ya Dostoevsky. Yule mlevi Marmeladov akiwa baa anaeleza elimu ya binti yake Sonya, anasema juzi juzi kaazimwa Fiziolojia ya Lewes, kaisoma kwa hamu akatusomea na sisi vipande. Binti anayejiuza alishe wadogo zake, chumba cha kupanga, St. Petersburg, na kitabu kinachosomwa ni cha huyu kafupi wa London.

Sasa mimi ndo nilikuwa nataka kufika huku. Mwaka 1856, bibie anakaribia kuanza hadithi zake, wao wako Ilfracombe pwani, Lewes yuko kwenye miamba maji yakikupwa, suruali imekunjwa, ana patasi na nyundo na mitungi ya kioo, anabandua anemoni, vile viumbe laini vya baharini. Chumba cha kupanga kimejaa mabakuli ya maji ya chumvi, viumbe vinakufa vinanuka anabadilisha. Alikwenda huko kwa sababu mwanabaiolojia Huxley alimtukana. 1854 Huxley alichambua kitabu cha Lewes kuhusu falsafa ya Comte akasema huyu ni mwanasayansi wa kusoma vitabuni tu. Ikamuuma. Akanunua hadubini akashuka baharini, akarudi nyumbani akaanza na vyura. Yule yule aliyekimbia chumba cha upasuaji.

Mwl_Chaki

Vyura sisi tumefanya sana. Chura unamtoa ubongo, unamning'iniza, unamdondoshea tone la asidi ubavuni. Mguu unakuja unafuta. Hana ubongo kabisa na anafuta pale pale palipodondoka. Wanafunzi huwa wanapiga kelele.

Kalamu_ya_Mkaa

Basi huo mguu ndo ulimkosesha Lewes usingizi. Wengi walisema ni mashine tu, kama mlango wa springi. Lewes akasema hapana, uti wa mgongo nao unahisi, hisia haikai kwenye ubongo peke yake, imetapakaa mwili mzima kwenye neva. Hiyo hoja yake haikushinda. Lakini ilimpeleka kwenye kitabu chake kikubwa cha mwisho, Problems of Life and Mind, kilianza kutoka 1874, na kwenye juzuu la 1875 kuna neno alilitumia, "emergent", kitu kinachoibuka. Ukiunganisha vitu viwili wakati mwingine jibu ni jumla yake, unalipiga hesabu. Wakati mwingine kinaibuka kitu ambacho huwezi kukiona kwenye chochote kati ya vile viwili. Mfano wake ni maji, oksijeni na haidrojeni ni hewa zote mbili, tia moto, unapata kitu cha kuzimia moto. Leo ukisikia watu wanabishana kama akili inaibuka kutoka kwenye neva, au kutoka kwenye kompyuta, wanatumia neno la Lewes na hawajui.

1876 Waingereza wanaanzisha chama chao cha wanafiziolojia, Lewes ni mmoja wa waanzilishi. Hana digrii. Darwin alisoma makala zake kuhusu nadharia yake za 1868 akamwandikia kumshukuru. Tena January 1874 kuna kituko, kaka yake Darwin aliita mtaalamu wa kuita mizimu nyumbani kwake, wakakaa gizani, Darwin yupo, mwanasayansi Galton yupo, Lewes na bibie wapo. Binti wa Darwin alisimulia kwamba Lewes alikuwa msumbufu, anapiga utani, hataki kukaa kimya gizani. Darwin akaona joto akaenda zake kulala kabla meza haijaanza kuruka.

Kimbweta

😂😂 huyu alikuwa msela. Mizimu inaitwa, mtu anachekesha.

Ngedere_Mzee

Haya nimesogea kidogo. Ila mshika nane bado nimesimama nayo. Angeshika vyura peke yake tangu ana miaka 25 tungemtaja na Huxley.

Kalamu_ya_Mkaa

Labda. Au angekuwa daktari mmoja wa mtaani anayekata miguu. Mimi nadhani alichokuwa nacho kilihitaji hivyo vyote, karani na jukwaa na Goethe, ndo maana kitabu cha utumbo kikasomeka mpaka kwa kijana wa seminari Urusi. Huxley mwenyewe kaja kumheshimu.

Kuna siku moja nataka kuiweka hapa halafu nimalize. Watoto wake wawili aliwapeleka Natal, Afrika Kusini, wakatafute maisha. Thornie alienda 1863 baada ya kufeli mtihani wa utumishi wa India, mdogo wake Bertie akamfuata 1866. Shamba halikuwalipa. May 1869 Thornie karudi London kakonda mifupa mitupu, kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kesho yake ni Jumapili, kijana wa Kimarekani asiyejulikana bado anaitwa Henry James anaingia kuja kumsalimia mwandishi mkubwa. Anakuta Thornie kalala chini sebuleni, kwenye zulia, anagaagaa kwa maumivu. Lewes hayupo, katoka mbio kutafuta mofini. James akabaki naye pale, halafu akatumwa yeye kwenda kumtafuta daktari Paget. Thornie akafa October akiwa na miaka 25, bibie kamshikilia. Mwaka ule ule kwenye nyumba ile ile ndo Middlemarch ilikuwa inaanzwa. Bertie naye akafia Natal 1875.

Na Lewes 1878 anaumwa tumbo, November, yuko hoi. Kitabu chake hakijaisha. Tarehe 21 anapakia mswada mpya wa bibie anautuma kwa Blackwood. Tarehe 30 kafa. Wosia wake unamtaja Mary Ann Evans, mwanamke asiyeolewa.

Bibie hakwenda mazishini. Akajifungia, kazi aliyoifanya ni kumalizia juzuu za Lewes, akasoma fiziolojia upya ili asikosee, zikatoka 1879. Akatoa pauni 5,000 Cambridge kufungua ufadhili wa vijana wa fiziolojia kwa jina la George Henry Lewes. Waliopita hapo ni pamoja na Charles Sherrington na Henry Dale. Nobel 1932 na Nobel 1936.

Mwl_Chaki

Sherrington! Huyo ndo baba wa zile reflex za uti wa mgongo. Mguu wa chura umerudi.

Bi_Nyange

Nimenyamaza. Hapo kwenye kusoma upya ili asikosee.

Mbeba_Boksi_UK

Nimechelewa uzi, nilikuwa zamu ya usiku. Mimi makaburi ya Highgate, London, nimefika, upande wa mashariki, unalipia getini. Watu wote wanakimbilia kwa Karl Marx wanapiga selfi. Kwa George Eliot kuna mnara mwembamba wa jiwe. Ila jina lililoandikwa pale ni George Eliot halafu chini yake Mary Ann Cross, nikashindwa kuelewa, Cross ndo nani tena?

Kalamu_ya_Mkaa

John Cross, rafiki wao, kijana wa kumpita miaka 20. May 1880 bibie alifunga naye ndoa ya kanisani, na kaka yake Isaac ndo akaandika barua ya pongezi baada ya kimya cha miaka 23. December mwaka huo huo bibie akafa. Westminster Abbey, kanisa wanakozikwa wakubwa, wakamkataa, ndo akaletwa Highgate alale karibu na Lewes. Sasa mkuu ulimuona Lewes? Yuko hapo hapo jirani.

Mbeba_Boksi_UK

Dah. Ina maana nilisimama karibu yake kabisa. Sikuangalia.

Kimbweta

Mkuu Kalamu, chini ya lile swali la penseli umeandika nini sasa?

Kalamu_ya_Mkaa

Sijaandika kitu. Shemeji kakiazima Jumamosi, anasema yuko ukurasa wa 12.